Kenge Halali Juu ya Udongo, Hulala Ndani Yake

Mwangaluka, ndugu zangu! Asanteni. Mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli, walimu wenzangu, wazee wangu mlioketi pale chini ya mwembe, vijana wa klabu ya mazingira, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa niseme kuhusu matandiko ya banda la kenge. Mwenyekiti aliposoma mada hiyo nimesikia kicheko kule nyuma, na kuna aliyesema, "Godoro la kenge!" Cheka tu, kijana, una haki. Hapa kwetu kenge ni tusi. Mtoto asiyesikia tunamwambia kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Na ukiona msafara wa mamba, kenge nao wamo. Kwa kifupi hatuna neno zuri juu yake, isipokuwa wenye kuku, ambao wana maneno mengi zaidi na hayasemeki mbele ya watoto.

Lakini vijana hawa wameona kwenye simu zao watu wa Ulaya na Marekani wanafuga kenge sebuleni, wakaja kuniuliza, "Mwalimu, wewe unaye, unamlazaje?" Swali zuri. Ni zuri kuliko lile la kwanza ambalo huwa naulizwa, eti anakula nini. Kenge anakula kila kitu: panzi, mende, konokono, panya, mayai, vifaranga vya jirani. Chakula hakijawahi kuniletea shida. Kilichotaka kumuua kenge wangu ni mahali nilipomlaza.

Nitangulize moja ili tusije tukakutana kituoni. Kenge ni mnyamapori, na mnyamapori wa nchi hii si mali ya aliyemkamata. Iko Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na wanaosimamia ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Bila kibali humfugi. Na kumvusha mpaka ni jambo jingine kabisa, maana kenge wote duniani wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Kijana atakayetoka hapa akaingia porini Sikonge na gunia, asiseme nimemtuma mimi. Huyu wangu aliletwa akiwa amekatwa mguu wa nyuma na waya wa mtego, hakuwa wa kurudishwa porini, na karatasi zake ninazo. Ni yule kenge wa nchi kavu mwenye shingo nene, si yule wa maji mnayemwona bwawani Igombe. Wengine humwita burukenge. Sisi nyumbani tulimwita Mtemi, yaani mtawala wa jadi, kwa jinsi alivyokuwa akitembea kifua mbele na huku mguu mmoja hauna kitu.

Basi Mtemi alipofika, nilifanya kama ninavyowafanyia kuku. Nilikwenda kwa fundi seremala, nikajaza viroba vitatu vya maranda ya mninga, nikatandika kimo cha vidole vinne. Banda likanukia kama duka la samani. Nikaweka taa ya joto juu, karai la maji, gogo la kupandia. Kila mgeni aliyekuja alisifu, nami nikajiona mtaalamu.

Mwezi wa pili nikaona vidole vyake vimenenepa. Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo lililonifungua macho. Kenge hajivui gamba zima kwa mkupuo kama nyoka. Ngozi yake hutoka vipande vipande, huku mgongoni leo, kule shavuni wiki ijayo. Ili itoke vizuri lazima awe na maji ya kutosha mwilini na mahali penye unyevu pa kujisugulia. Mtemi hakuwa na vyote viwili. Ngozi ya zamani ilibaki vidoleni kama pete, ikaja ya pili ikabaki juu ya ile, na pete ikibana damu haipiti. Nilimshika, nikamlowesha miguu kwenye maji ya uvuguvugu, nikabandua moja moja kwa kitambaa, jasho linanitoka na mkia wake unanichapa. Nilichelewa. Alipoteza ncha za vidole viwili.

Hapo hapo nikamfanyia kosa jingine. Nilimpasulia yai likamwagika kwenye maranda. Ute uligandisha yale maranda yakawa kama kashata, naye kenge hajui kuchambua, akabugia vyote. Siku nane hakupata choo. Amelala tu, macho yamezama, ngozi ya ubavuni ukiivuta kwa vidole inabaki imesimama kama kanga iliyopigwa pasi.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumwona hakuanza na dawa. Alichota kiganja kimoja cha maranda, akakipuliza, vumbi likapanda hadi kwenye taa. Akaniangalia. "Mwalimu," akasema, "huko porini ulimkuta analala kwa seremala?"

Nimefundisha bayolojia miaka mingi na sikuwa na jibu.

Nieleze kilichokuwa kinatokea, kwa lugha ya nyumbani. Kenge ni mnyama wa damu baridi, joto lake hulipata nje ya mwili. Asubuhi anataka jiwe la moto la kuota, na pale juu ya jiwe chini ya taa panaweza kufika nyuzi 50 na zaidi, naye anafurahi. Akishapata joto lake anataka kuondoka hapo, aingie mahali pa baridi, penye giza na unyevu. Porini mahali hapo ni shimo, au pango la mti, au kichuguu kilichobomoka. Kila pumzi anayotoa inatoka na maji kidogo. Akiwa shimoni hewa tayari imejaa unyevu, kwa hiyo hapotezi kitu. Akiwa juu ya maranda makavu chini ya taa mchana kutwa, anaanikwa kama dagaa wa Kibirizi. Karai la maji halimwokoi, maana anakunywa kwa dakika mbili na kukauka kwa saa kumi na mbili. Mwisho wa safari hiyo ni figo. Zikishindwa kazi, uchafu wa mkojo huganda mwilini na kwenye viungo, ndiyo gauti, sawasawa na ile ya wazee wetu wanaokatazwa nyama choma.

Wenzetu wa nje nao walipita njia hii hii. Kenge anayefugwa sana huko kwao ni yule wa Afrika Magharibi, mdogo kuliko huyu wetu, ambaye husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Kwa Kiingereza anaitwa kenge wa savana. Watu wakasikia savana, wakafikiri jangwa. Wakamtandikia mchanga mkavu na magome, wakamwashia taa, wakashangaa anakufa mapema. Watafiti waliowafuatilia watoto wa kenge hao kule kule Ghana waliwakuta ndani ya mashimo ardhini, mengi yakiwa yamechimbwa na nyenje wakubwa wa udongoni. Savana ni kavu kwako wewe unayetembea juu yake. Chini kidogo ni nchi nyingine.

Mtu wa Tabora hahitaji kwenda Ghana kulielewa hilo. Nani hapa hajawahi kubomoa kichuguu mwezi wa Septemba? Juu jembe linaruka, linatoa cheche. Ingia ndani kidogo, unakuta udongo wa baridi, unyevunyevu, na mvua ya mwisho ilinyesha Aprili au Mei. Kenge maji anajua siri hiyo kuliko sisi. Mvua zikilainisha kichuguu, jike hutoboa ubavu wake kwa makucha, akataga humo mayai ambayo yanaweza kufika hata 60, kisha huyo, anaondoka. Mchwa hawapendi tundu wazi, wanaliziba wenyewe. Anapata walinzi na mafundi bila kulipa hata shilingi. Mayai yanakaa humo miezi, joto halipandi sana wala halishuki sana, na watoto hutoka mvua nyingine zikija kulegeza ukuta.

Kwa hiyo neno lenyewe, matandiko, linatupotosha. Ukisema matandiko unafikiria shuka, kitu cha kulalia juu. Kuku analala juu ya matandiko. Kenge anataka kuingia ndani yake. Usitafute cha kumtandikia, tafuta cha kumzika.

Na cha kumzika tunacho. Udongo unaofaa ni huu wa kichanga wa kwenye miombo, wenye ufinyanzi kidogo, tunaoukanyaga kila siku. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse, ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Mchanga mtupu nao haufai. Kuna ndugu wa Kigoma ameniuliza hapo nje kuhusu mchanga wa ziwani, mweupe, safi, umeoshwa na Tanganyika yenyewe. Ni mzuri kwa kujengea na kwa kupiga picha. Chimba shimo ndani yake uone kama halijakuangukia.

Njia ya kupima ni ya mkono. Lowesha udongo kidogo, finya tonge. Ukifungua kiganja likasambaa, mchanga umezidi. Likinata kwenye vidole kama ugali wa muhogo, ufinyanzi umezidi. Likisimama, na ukilisukuma kwa dole gumba likavunjika vipande vipande, huo ndio wenyewe. Halafu mimi nina kipimo cha pili ambacho nakiamini zaidi: jaza ndoo ya lita 20, shindilia kwa ngumi, kisha ilaze na utoboe tundu kwa mpini wa jembe. Iache hivyo hadi kesho. Ukikuta dari la tundu limesimama, na kenge atakuwa na nyumba. Kwangu ilitoka kwa makoleo mawili ya udongo kwa koleo moja la mchanga wa mtoni, na majani makavu ya miombo nikachanganya humo humo. Udongo wa kichuguu cha zamani niliongeza kidogo sana, kwa sababu ukikauka unakuwa tofali. Mama zetu hawakuutumia kusiriba sakafu bure.

Unapochota, angalia unachota wapi. Tabora ni nchi ya tumbaku, na shamba la tumbaku limepigwa dawa msimu baada ya msimu. Usichote hapo. Usichote karibu na josho la ng'ombe, hata kama ni josho lililokufa zamani, kwani dawa ya kupe haifi pamoja na josho. Usichote kando ya gereji wala ubavuni mwa barabara kuu. Ingia ndani kidogo, mahali ambapo panaota nyasi za kawaida na wadudu wanatembea. Udongo usio na mdudu hata mmoja mimi unanitia shaka. Wapo wanaoukaanga kwanza ili kuua vijidudu. Sikuwahi kufanya hivyo na sioni maana yake.

Sasa kina, na hapa ndipo wengi watakaponikimbia. Kwa kenge mkubwa kama Mtemi, sentimita 60. Si sita, sitini! Banda langu ni mita 3 kwa mita 2. Fanyeni hesabu, nyie wa kidato cha pili. Ndiyo, meta za ujazo 3.6. Toroli linabeba kama lita 60, kwa hiyo ni safari 60 za toroli. Na udongo wenye unyevu una uzito wa kama tani moja na nusu kwa kila meta ya ujazo, jumla tani tano na ushee. Kijana wa guta alibeba safari mbili, ya tatu akaniambia mnyororo umekatika. Sikumwona tena mpaka Idi.

Ndiyo maana sikubaliani na makabati ya kioo na mbao ambayo vijana wananionyesha kwenye simu. Huwezi kuweka tani tano kwenye kabati. Jenga kwa matofali, juu ya ardhi, ukuta wa kuzuia udongo ufike kiunoni, kisha wavu. Chini mwaga zege lenye mteremko na tundu la kutolea maji, vinginevyo atachimba atokee kwa jirani, na jirani ana kuku.

Maji je? Ukimwagia juu umekosea. Juu kukilowa kila siku, tumbo lake linakaa kwenye matope na magamba yanatoka malengelenge. Kanuni yangu ni juu pakavu, chini pabichi. Nilisimamisha bomba la plastiki la inchi mbili kwenye kona mpaka karibu na sakafu, nikalitoboa matundu upande wa chini. Kiangazi namimina ndoo moja kwa wiki kupitia hapo, masika nusu ndoo au naacha kabisa. Maji yanapanda yenyewe polepole, yanavyopanda kwenye kichuguu. Nikitaka kujua hali, naingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko, Mtemi akiwa juu ya jiwe lake, nawaambia, si ndani! Vidole vikitoka na udongo ulioshikana, sawa. Vikitoka na vumbi, naleta ndoo.

Mniruhusu niwaambie ilivyokuwa siku tuliyomhamisha. Tulimwachia jioni. Alisimama dakika nzima bila kutikisika, ulimi tu ndio unatoka na kuingia, ule ulimi wa panda, anaonja hewa ya udongo. Kisha akashusha kichwa na kuanza kuchimba. Mikono miwili, ule mguu uliokatika anautumia kujizuia, udongo unamruka nyuma kama mbwa aliyefukia mfupa. Giza lilipoingia kilichobaki nje ni mkia. Asubuhi hata mkia hakuna. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu mama watoto akaniambia, "Baba, umemzika kweli." Adhuhuri ya siku hiyo ikatokea pua mlangoni mwa shimo, imepakaa udongo mwekundu, akatoka mzima mzima, akaenda kwenye jiwe. Mwezi uliofuata ngozi ilitoka mpaka vidoleni. Ya mkiani niliikuta imebaki ndani ya shimo, nikaipeleka darasani.

Miezi minane baadaye akaacha kula, akawa anachimba usiku kucha, tumbo limejaa. Nikajua nimemponza tena. Akaingia shimoni siku mbili, akatoka amekonda, amechoka, anadai chakula. Nilifukua taratibu kwa mikono. Mayai 17, meupe, laini kama ngozi, yamepangwa kwenye udongo wa baridi kimo cha nusu mita. Yalikuwa matupu, hakuna dume alilokutana nalo. Mtemi ni mama! Jina hatukubadilisha, kwani Unyanyembe, himaya ya Wanyamwezi hapa Tabora, ilishapata kutawaliwa na mwanamke. Lakini daktari yule yule aliponieleza kuwa jike asipopata pa kutagia anaweza kuyabana mayai ndani mpaka yakamuua, nilikaa chini. Hebu fikirini angekuwa bado yuko kwenye vidole vinne vya maranda.

Usafi hausumbui kama mnavyodhani. Kinyesi chake kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe kama chaki, ile nyeupe ndiyo mkojo. Naokota kila siku kwa kijiko cha bustani. Kinachobaki wanakimaliza minyoo na vile vidudu vya kijivu vya chini ya matofali, nimewaachia humo makusudi. Sibadilishi udongo wote, nabadilisha tabaka la juu inapobidi, na nanusa. Ukinukia kama mvua ya kwanza, ni mzima. Ukinuka kama mtaro, maji yamezidi. Na mkitoka kumshika kenge, nawa kwa sabuni kabla hujagusa maandazi, maana wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuumwa. Watoto wadogo wasimshike kabisa.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali, nitapita haraka. Magazeti: yanafaa kwa kenge mgonjwa au aliyeletwa leo, ili uone kinyesi chake vizuri, kwa wiki chache basi. Zulia kuukuu: kucha zinanasa, na uchafu hauoshwi ukaisha. Pumba za mpunga: najua zimejaa mashineni na ni za bure, lakini zikilowa zinaota ukungu na zikimezwa hazisagiki. Makumbi ya nazi: yanashika maji vizuri, changanya kwenye udongo kama unaletewa kutoka pwani, ila peke yake shimo halisimami na yakikauka ni vumbi. Nyuzi za chikichi zilizokamuliwa mawese: huyu lazima ni wa Kigoma tena! Ndugu yangu, hizo washia moto. Mafuta yaliyobaki yataoza, na kabla hayajaoza yataita siafu. Kenge aliye huru huwakimbia siafu. Aliyefungiwa bandani hana pa kukimbilia.

Swali la mwisho linauliza kama mnaweza kuja kumwona Mtemi. Njooni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, jua likishapanda, maana kabla ya hapo hatoki hata kwa waziri. Udongo umeshuka kama kiganja kimoja tangu mwaka jana na nataka kuujazia kabla ya mvua. Toroli mtalikuta mlangoni, koleo liko ndani yake.